Mama Friza na Vichupa Kumi na Kimoja

Mimi ni mtu wa bahati, na sioni haya kulisema. Miaka ishirini na mbili nabeba damu, mikojo na makohozi kutoka wodini kwenda maabara, napanda ngazi, nashuka ngazi, na mkono wangu haujawahi kudondosha hata kichupa kimoja. Kabla ya hapo nilikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo. Nimesimama kwenye dhoruba na sufuria ya supu mkononi na supu haikumwagika. Ndiyo maana humu naitwa Kapteni, ingawa usukani niliuona kwa mbali tu. Basi kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, wenye digrii wakaanza kutazamana, nami nikasema leteni hapa. Shule niliiacha njiani, lakini mdomo nilihitimu.

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi jioni, mtaalamu mwandamizi wa meza ya bakteria atavua koti lake jeupe na kulitundika kwenye msumari wa nyuma ya mlango, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu la heshima. Humu ndani, kuanzia mganga mkuu mpaka mlinzi wa geti, anaitwa Mama Friza. Faili lake nimeliona kwa macho yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kulibeba. Lina barua tisa za pongezi na barua moja ya onyo. Hiyo moja tutaifikia.

Alikuja hapa akiwa msichana mwembamba mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima. Maabara wakati huo ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, hadubini mbili, moja yake kipofu, na kidirisha cha kupokelea sampuli ambacho mpaka leo kinakwama mvua ikinyesha. Akapewa meza ya bakteria kwa sababu hakuna aliyeitaka. Wenzake walipenda damu, kazi safi ya kuhesabu. Yeye akapewa usaha.

Akaupenda usaha. Sijui niseme vipi. Mtu anachukua kijiti chenye uchafu wa kidonda, anakipaka kwenye kisahani cha jeli kwa mistari kama anayetarizi, anakilaza kwenye kabati la joto, na asubuhi akikifungua anasema, "Haya, mmelalaje?" Ndiyo, anawaamkia bakteria. Mimi kunisalimia ilimchukua miezi mitatu, na salamu yenyewe ilikuwa hivi: "Kapteni, hiyo damu unaibeba au unaitembeza?"

Ana sheria zake. Hakuna chai maabara, hata ya kusikia harufu. Hakuna kalamu ya wino kwenye kichupa, kwa sababu wino hukimbia spiriti na penseli haikimbii. Mganga mkuu mmoja, mtu mzito, tumbo linatangulia, aliwahi kuingia akiongea na simu, akagusa meza, akataka kutoka. Mama Friza akasimama mlangoni. Akamwonyesha sinki. Yule bwana alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, na tangu siku hiyo akija maabara hubisha hodi kama mkwe.

Mumewe ni fundi cherehani, mzee mtaratibu mwenye miwani ya kamba. Huyu nimemtaja si kwa sababu ya sherehe tu. Yeye ndiye aliyekuwa akimkatia mkewe tepu za kitambaa, vipande vyembamba sawasawa kama riboni, akavileta kila Ijumaa kwenye kopo la biskuti. Kila kichupa cha Mama Friza kilivalishwa tepu ya mzee, na juu yake kwa penseli namba na tarehe. Tulikuwa tukimtania kwamba bakteria wa hospitali yetu ndio pekee duniani wanaoshonewa.

Sasa tuingie kwenye friza yenyewe.

Kazi ya meza yake ni hii. Mgonjwa ana kidonda kisichopona. Mama anaotesha bakteria wa kidonda kile kwenye kisahani, kisha anaweka juu yake vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa ikimweza bakteria, pembeni ya karatasi pataota duara tupu, safi. Dawa ikishindwa, bakteria atasogea mpaka mlangoni kwa karatasi akae hapo kama anaota jua. Mama anapima duara kwa rula, milimita kwa milimita, anaandika kwenye daftari, daktari anajua ampe mgonjwa dawa gani. Zamani visahani vilikuwa na maduara mengi, vinapendeza kama kitenge. Miaka ikaenda, maduara yakapungua. Ukafika wakati vikaja visahani visivyo na duara hata moja.

Wengine walivitupa kwenye tanuri, taarifa ikaandikwa "sugu", basi. Mama Friza alikataa. Kila bakteria sugu alimchotea kidogo, akamtia kwenye kichupa, akamvika tepu, akamlaza kwenye friza ya baridi ya kutisha iliyoko nyuma ya mlango, ile inayonguruma kama mjomba aliyeshiba. Kwenye daftari akaandika namba, tarehe, wodi, kitanda, na vipimo vya maduara. Miaka tisa alifanya hivyo. Wahasibu walimwuliza friza nzima ya vijidudu ni ya nini. Akawajibu, "Leo sijui kuwasoma. Atakuja anayejua."

Mnaona mtu huyo? Mimi nimetembea bandari saba, nimeona watu wanaweka akiba ya mchele, ya nguo, ya maneno. Akiba ya wagonjwa wa jana kwa ajili ya wagonjwa wa kesho nimeiona hapa tu.

Mwaka juzi, katika wiki tano, watoto wachanga sita kwenye wodi yetu waliugua maambukizi ya damu. Visahani vyao vilifanana kama mapacha, maduara hakuna, isipokuwa kijiduara kimoja cha dawa ya mwisho, ile kali ambayo madaktari huitoa kwa kusitasita. Bakteria mwenyewe anaitwa asinetobakta. Sisi wa korido tulimwita Mpangaji, kwa sababu akishaingia kwenye jengo hahami. Mama alitueleza tabia zake kwa sauti ile ya mtu anayemsema jirani. Huyu hahitaji maji wala chakula kingi. Atakaa kwenye chuma kikavu wiki nyingi akisubiri mkono. Hujifunika utando wa ute na wenzake kama waliojitanda shuka moja. Dawa ikimwingia ana pampu za kuitapika nje. Na ana vipete vidogo vya vinasaba, plasmidi, vyenye maelekezo ya kuvunja dawa. Akikutana na bakteria mwingine, hata asiye wa ukoo wake, anampa nakala, kama watu wanavyorushiana wimbo kwenye simu.

Watoto watano waliokolewa na ile dawa ya mwisho. Mmoja tulimpoteza, na juu ya huyo sitaweka utani.

Uongozi ukasema chanzo kisipopatikana ndani ya wiki mbili, wodi itafungwa. Wodi nyingine ya watoto wachanga iko mwendo wa saa nne kwa gari. Mtoto wa kilo moja na nusu hasafiri saa nne.

Hapo ndipo alipokuja kijana mmoja, mtaalamu wa vinasaba, tuliyembatiza Daktari wa Herufi. Alileta mashine ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati, nikadhani ananitania. Kumbe mashine ile inasoma maandishi yaliyomo ndani ya bakteria. Bakteria mmoja ana herufi karibu milioni nne, za aina nne tu, zimepangwa mfululizo, na huo mfululizo mzima ndio jenomu yake. Anapojigawa anainakili yote. Na katika kunakili, mara moja moja hukosea herufi.

Hapa ndugu msomaji nilielewa kuliko wenye digrii, kwa sababu mimi ni bingwa wa kunakili. Darasani ukinakili kwa jirani unanakili na makosa yake, halafu unaongeza ya kwako. Anayenakili kwako atabeba ya jirani, ya kwako, na yake mwenyewe. Mwalimu akipanga madaftari mezani anajua kabisa nani alimwibia nani. Nilichapwa kwa sayansi hiyo zamani sana. Mpangaji naye ni hivyo hivyo. Ukoo wake huongeza makosa kumi hivi kila mwaka, na kizazi kinachofuata hakiyafuti. Ila aliyelala kwenye friza hajigawi, kwa hiyo haongezi kitu. Kichupa cha Mama Friza ni picha ya siku ile.

Wakasoma bakteria wa watoto sita. Wakasoma na wale wa kwenye friza. Wanne wa frizani walikuwa ukoo mmoja na wa watoto. Wakatazama tepu. Tepu zikasema kwamba wa kwanza kati ya hao wanne alitoka wodi ya watoto, wiki tatu baada ya dada mmoja kuhamia pale kuwa msimamizi wa wauguzi. Kabla ya dada huyo, ukoo huo haupo. Baada ya dada huyo, upo.

Korido zikapata la kusema. Dada yule alikuwa ametoka hospitali nyingine, basi ikawa kaja naye, mikononi. Akaandikiwa barua ya kusimamishwa kazi. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma, viganja amevikunjua magotini, anavitazama. Akaniambia, "Kapteni, mikono hii naiosha mpaka inachanika. Yule mtoto alinifia nikiwa nimemshika kidole. Leo naambiwa nilimshika kwa ugonjwa?" Mimi mwenye mdomo, siku hiyo sikuwa nao.

Wiki mbili zikabaki siku sita.

Mama Friza akachukua karatasi za Daktari wa Herufi akaenda nazo nyumbani, akarudi nazo asubuhi zikiwa na alama za penseli. Akasema hesabu haikai. Kichupa chenye tepu ya zamani kuliko vyote kati ya vile vinne kina makosa mengi, karibu sawa na ya watoto wa sasa. Chenye tepu ya juzi juzi ndicho chenye makosa machache, pungufu kwa arobaini. "Mjukuu hawezi kumtangulia bibi yake kuzaliwa," akasema. "Bakteria hawajui kudanganya umri. Tepu ndizo zinazodanganya."

Kijana akasema labda mashine imekosea. Mama hakubishana. Alitoa daftari lake, akaotesha upya vichupa vyote vya kwenye boksi walimotolewa wale wanne, akaviwekea karatasi za dawa, akapima maduara kwa rula ile ile ya miaka yote. Kisha akalinganisha na alichokiandika siku ya kwanza. Vichupa kumi na kimoja vilikuwa vimevaa tepu zisizo zao. Zilihamaje? Hilo nalo tuliache kidogo.

Siku mbili hakuinua kichwa. Makosa ya herufi yakampa nani ni mkubwa na nani ni mdogo. Maduara yakampa namba ya daftari. Vyote viwili vilikubaliana, kichupa baada ya kichupa. Yule mwenye makosa machache hakuwa wa juzi. Alitoka chumba cha wagonjwa mahututi, miaka minne nyuma, na daftari likathibitisha, kwa sababu wakati ule alikuwa bado anaogopa dawa moja. Kipete cha kuivunja alikuja kupewa baadaye. Wa pili chumba kile kile. Wa tatu wodi ya upasuaji. Wa nne ndiye wa wodi ya watoto. Dada alipofika hospitali hii, Mpangaji alikuwa ameshamaliza miaka miwili humu.

Lakini alihamaje kutoka chumba hadi chumba? Mama akaniita kidirishani, akanisomea vyumba vitatu kwa mpangilio na miezi yake, akaniuliza, "Wewe ndiye unayesukuma kila kitu humu. Kuna kilichopita njia hii?"

Sikufikiri hata dakika. Mashine ya kufyonza makohozi! Ile ya zamani, yenye gurudumu linalolia. Niliisukuma mwenyewe kutoka kwa mahututi walipopata mpya, nikaipeleka upasuaji, halafu ya watoto ilipoungua nikaipeleka huko. Tukaenda. Mpini wake ulikuwa na ufa, na fundi wa mashine alikuwa ameuzungushia plasta ya kitambaa, mizunguko mingi, nyeusi kwa uzee. Kila siku wauguzi waliifuta kwa dawa, kwa uaminifu kabisa, juu ya plasta. Mama akaibandua polepole, akapitisha kijiti kwenye gundi iliyooza, akakipaka kwenye kisahani.

Kesho yake asubuhi akakifungua. Hakuwaamkia. Akasema tu, "Ndiwe wewe."

Mashine ikatoka, wodi ikasuguliwa ukuta hadi ukuta, haikufungwa. Dada akarudishwa kazini kwa barua yenye maneno "tunasikitika", na wodi ni yake mpaka leo. Tukatunga sheria: hakuna plasta wala kitambaa kuzungushwa kwenye kifaa chochote, kilichopasuka kinabadilishwa. Huu ni mwezi wa kumi na tisa, Mpangaji hajaonekana kwa mtoto hata mmoja. Na wale watano nimewaona kliniki. Mmoja kashikilia suruali yangu akasimama, akanitazama kama mimi ndiye niliyechelewa.

Sasa ile barua ya onyo. Kamati ya uchunguzi ilipokaa, mwenyekiti aliuliza tepu zilichanganyikaje, maana kwa tepu zile mtu asiye na hatia nusura apoteze kazi. Nilikuwepo, niliitwa kueleza njia ya mashine. Mama Friza akasimama akasema, "Friza ni yangu, tepu ni zangu, kosa ni langu." Mwenyekiti akaandika: uzembe katika kutunza kumbukumbu za sampuli. Mtu wa penseli, mtu wa milimita! Alisaini bila kutikisika. Mimi siku hiyo nilipewa cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi, kwa kuitambua mashine. Watu walipiga makofi.

Anatuachia friza mbili badala ya moja, vichupa vyenye namba zilizochapwa ambazo hazibanduki, na wataalamu watatu aliowafundisha ambao tayari wamekuwa wakali kama yeye. Daktari wa Herufi amehamia hapa moja kwa moja na husoma kila Mpangaji mpya wiki ile ile anayobisha hodi. Bado wanabisha, tusidanganyane. Lakini siku hizi tunajua wametoka mlango gani.

Mama, kwa niaba ya korido zote, wodi zote na kidirisha kinachokwama, asante. Asante kwa kutunyima chai. Asante kwa kuwahifadhi maadui zetu kwa adabu mpaka tukajifunza lugha yao. Mzee wa cherehani, tunakurudishia mkeo akiwa mzima, ila ukimwona anaamkia mtindi asubuhi usishtuke. Tunakuombea Mama usingizi wa kutosha, magoti yasiyouma, wajukuu wanaonawa mikono, na siku nyingi njema ambazo hutahitaji kuzipima kwa rula.

Na ile bahati niliyojisifia pale juu ni uongo. Nusu mwaka kabla ya watoto kuugua, siku tuliyohamisha friza kwa ajili ya kupaka rangi, nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume nikimhadithia dada wa mapokezi habari za dhoruba, boksi likaniponyoka. Tepu kumi na moja zilibanduka. Nilizibandika upya kwa kubahatisha, nikijiamini kwamba mkono wangu una bahati, nikafunga friza, nikanyamaza. Nikanyamaza dada alipokuwa anatazama viganja vyake. Nikanyamaza kwenye kamati. Mama Friza alijua. Tulipotoka pale aliniambia tu, "Kapteni, ukibeba changu, tembea ukitazama mbele," na hakulirudia tena. Cheti nimekirudisha ofisini asubuhi ya leo. Barua ile itolewe kwenye faili lake kabla ya saa kumi tarehe 30, iwekwe kwenye langu. Nilidondosha mimi.